Windows Kuukuu ya Bi Ummukulthum

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kompyuta ya Bi Ummukulthum wa Mpendae inaumwa! Fursa niliyokuwa nikiiomba tangu mwaka jana. Bi Ummukulthum ndiye anayepiga video za harusi upande wa wanawake, na ndiye mama yake Khairat. Khairat nataka kumuoa. Hajui. Mama yake pia hajui. Anayejua ni shangazi yangu Mwanaasha, maana ndiye atakayepeleka posa Jumapili.

Ugonjwa wenyewe: mashine ina diski mbili. Ya pili ni kuukuu, ilitolewa kwenye kompyuta ya zamani, ikaja na Windows yake ya zamani. Kila ukiiwasha inauliza, unataka ile mpya au ile ya zamani? Nafasi imekwisha, na harusi za Shaaban zishaanza. Junaid, yule anayetengeneza kompyuta za hoteli Kiwengwa, ameahidi kuja kuiondoa Ijumaa. Junaid ana cheti. Mimi nauza makava ya simu Darajani. Lakini mimi nipo mjini na yeye hayupo.

Sijawahi kuondoa Windows. Iliingia, itatoka.

Jumanne, 4 Februari

Nimetazama video ya bwana mmoja wa Kihindi anayefundisha kazi hii. Mwanzoni anasema "kabla ya kufanya lolote". Nikaruka hapo. Anaongea sana. Programu yake ya kusafisha diski nimeitia kwenye flashi.

Alasiri Mpendae, na halua, na seti ya bisibisi ambayo bado imo kwenye nailoni yake. Nikamwamkia Bi Ummukulthum, akaitikia marahaba, akauliza kompyuta nimezijua lini. Nikasema zamani. Akatoa sharti: mle ndani mna mabibi harusi na wake za watu vichwa wazi. Hakuna mwanamme aliyewahi kukitia jicho kioo kile, na wa kwanza sitakuwa mimi. Nikamwambia hapana tabu, naweza kufanya bila ya kutazama. Nyuma ya pazia Khairat akacheka. Dalili njema!

Kazi kesho asubuhi. Nimeichagua kwa makusudi, Khairat atakuwa Fumba kupiga video ya harusi. Nataka arudi akute imekwisha, aulize nani kafanya.

Jumatano, 5 Februari

Kiti cha plastiki, uso ukutani. Mbele yangu kalenda ya duka la mabati. Nyuma yangu Bi Ummukulthum na miwani yake. Yeye anasoma herufi kwa herufi, mimi naamuru, yeye anabonyeza. Nilijisikia rubani.

Nikamwambia afute folda ya Windows ya zamani. Ikakataa. Ikasema ruhusa lazima itoke kwa TrustedInstaller.

Bi Ummukulthum akauliza: "Huyu nani tena? Mwanamme?"

Nikasema nadhani ndiyo. Akataka kujua kaingia lini humo na keshaona nini. Pengine nilipaswa kumwambia si mtu, lakini sikuwa na uhakika. Akataka atolewe saa ile ile, yeye na vyake vyote. Heshima ya nyumba ikaniangukia mimi. Nikamwambia basi tusihangaike na folda, tuisafishe diski nzima. Video nilizikumbuka, nisije nikasingiziwa. Nikauliza ziko wapi. Akasema ziko kwenye kompyuta. Nikatosheka.

Programu ikauliza kitu. Akaanza kunisomea, ilikuwa ndefu. Nikamkatiza kwa adabu: ikiuliza lolote, jibu ni OK.

Ikamaliza upesi. Diski nyeupe pe! Nimemwambia shangazi apige pasi buibui la Jumapili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeitwa. Kompyuta inawaka lakini haiendi popote. Khairat karudi na kamera zimejaa, hana pa kuzimimina. Nikaomba ruhusa ya kugeuka, kwa kuwa sasa hakuna cha kutazama. Nikaruhusiwa. Basi nimekiona kioo kile: cheusi, na mstari mmoja mweupe unaosema hakuna pa kuanzia.

Video za harusi za mwaka mzima zilikuwa kwenye diski ile. Bi Ummukulthum hakupiga kelele. Aliniuliza tu atamwambia nini Bi Borafya, ambaye harusi ya mwanawe ilikuwa humo na bado hajapewa. Nikasogea karibu na halua.

Nyumbani nikaitazama upya video ya yule Mhindi, safari hii tangu mwanzo. Kabla ya kufanya lolote, anasema, hamisha vitu vyako, na hakikisha kompyuta haianzii kwenye diski unayoifuta. Yetu ilianzia huko. Sasa jambo kubwa kama hili mtu analiweka mwanzo?

Ijumaa, 7 Februari

Junaid alikuja baada ya sala. Hakunicheka, na hilo ndilo baya zaidi. Hata ndani hakuingia. Alikaa barazani chini ya dirisha, Khairat ndani mbele ya kioo, anamsomea kila kinachoandikwa mpaka mwisho. Junaid hakumkatiza hata mara moja.

Kwanza wakaitia sehemu ya kuanzia kwenye diski mpya. Kisha akamwelekeza namna ya kuzifukua video, akaeleza kwamba ile diski nilikuwa nimeifuta juujuu tu. Nikasema ndivyo nilivyokusudia. Akaeleza pia kwamba TrustedInstaller si mtu, ni sehemu ya Windows yenyewe. Bi Ummukulthum akashusha pumzi.

Zikarudi, na ya Bi Borafya. Chai ikatoka, sambusa zikatoka, zote kwenda barazani. Kazi yangu ilikuwa kushika flashi.

"Kaka Ubwa, hebu nipe hiyo flashi," Khairat akaniambia dirishani. Nimekuwa kaka.

Baadaye akacheka kwa kitu alichosema Junaid. Hakikuwa kile kicheko cha nyuma ya pazia. Nampenda Khairat na imeniuma, nasema kweli.

Jumapili, 9 Februari

Shangazi sikumzuia. Nilifikiri huruma nayo ni njia.

Amerudi na halua yake haijafunguliwa. Mlangoni alipishana na mama yake Junaid, anatoka mikono mitupu, alichokuja nacho kimepokewa, na uso unang'ara. Bi Ummukulthum kaniletea salamu: "Mwambie Ubwa ni mwanangu, nampenda. Lakini nampenda akiwa kwao."

Nimekula halua yote peke yangu. Sikusikia utamu.

Jumanne, 11 Februari

Shangazi hakati tamaa! Kapata watu wengine, Bi Amne wa Fumba na bintiye Ilham. Watu wazuri, hawajawahi kusikia habari zangu. Bi Amne anasafiri kesho kwenda Umra, kwa hiyo lazima apigiwe leo baada ya Isha. Namba yake imo kwenye simu ya shangazi, haipo pengine popote.

Simu yenyewe nzito, inagandaganda. Nimemwambia anipe niisafishe kabla hajapiga. Akaniuliza, baada ya yale ya Mpendae? Nikamwambia kosa la Mpendae lilikuwa ule ukuta. Leo natazama kioo kwa macho yangu mwenyewe.

Imeuliza kitu, kirefu kidogo. Nimebonyeza OK.