Malalamiko Kuhusu Watoto Mia na Kumi na Watatu Waliokua Bila Kutoa Taarifa

Meza ya Vifungo,
Hatua sita kutoka kwenye kiti chako,
Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kwa Shangazi, mwenye karakana, mwenye mkasi na mwenye neno la mwisho,

KUH: KUONEWA KWA MTAALAMU

Unaandikiwa na mtu pekee katika mtaa huu mzima aliyewahi kufufua maiti huku akipiga mluzi. Wako madaktari waliosoma mpaka wakaota upara, na hawajafanya hivyo hata mara moja. Shule na mimi tuliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili, na bado nimefufua. Maiti yenyewe ilikuwa kompyuta yako. Ulikuwepo, ukashuhudia, ukapiga makofi. Nakukumbusha kwa sababu naona makofi yale umeshayasahau.

Naandika badala ya kusema kwa kuwa juzi ulitangaza mbele ya mafundi wote kwamba hutaki kusikia sauti yangu hadi Jumatatu. Kuhusu mwandiko wangu hukusema kitu.

Kwanza nieleze yaliyotokea, maana malalamiko yasiyo na maelezo ni umbea tu. Mwezi uliopita Mzee Futi, mpimaji wako wa miaka ishirini na mbili, alishinda shuleni siku tatu na tepi yake, akapima wanafunzi mia na thelathini na wawili kwa ajili ya sare mpya. Yeye anapima na kutaja, mimi nachapa, kama ulivyoamuru tangu ulipopiga marufuku vipimo vya kwenye karatasi. Wiki iliyofuata kompyuta ikagoma kuwaka. Skrini nyeusi, kimya. Wewe ukashika kichwa. Mama Pasi akaacha pasi hewani. Ndipo nikasema, "Tulieni." Nikachomeka ile flashi ya uokoaji tuliyoachiwa na fundi wa kompyuta, nikaunganisha diski ya nje yenye nakala ya diski kuu nzima, nikabonyeza hapa na pale, na baada ya saa moja na robo mashine ikaamka kama mtu aliyetoka usingizi wa mchana. Programu zipo, vipimo vipo, kila kitu mahali pake. Hata yule paka uliyekuwa umemweka kwenye skrini zamani, ukamwondoa, alirudi mwenyewe. Ukasema, "Huyu mtoto ana kichwa." Maneno yako hayo, si yangu.

Mafundi wakakata, wakashona wiki mbili. Jumatano sare zikapelekwa shuleni. Alhamisi zikarudi, zikiwa zimevaliwa.

Sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio:

1. Watoto. Kati ya wale mia na thelathini na wawili, mia na kumi na watatu wamekua. Wamekua kwa pamoja, kwa siri, na hakuna hata mmoja aliyeona vyema kutuarifu. Namtaja hasa yule wa darasa la sita aitwaye Mlingoti, ambaye suruali yake ilikata tamaa katikati ya goti na kifundo cha mguu. Huo si ukuaji wa wiki mbili, huo ni uchokozi. Shangazi, mimi nilichapa nilichotajiwa. Kama mtoto anaweza kujirefusha kwa kasi ile, basi adaiwe maelezo yeye, au anayempakulia chakula.

2. Mwalimu mkuu. Alimsimamisha Mlingoti hapa mlangoni, wateja wakiwa wamejaa, akakuuliza, "Mama, huyu ni mwanafunzi au ni mtu anayevuka mto?" Mama Pasi alicheka mpaka akaunguza kola ya watu. Kisha mwalimu akakupa hadi Ijumaa ijayo, la sivyo kazi ya shule anaipeleka kwa fundi mwingine. Mtu mwenye elimu yake! Angeuliza kwanza nani alifufua kompyuta, angeongea kwa adabu.

3. Tepi. Hapa sina budi kusema, ingawa Mzee Futi ni mtu mzima na namheshimu. Tepi yake imekaa shingoni mwake miaka yote, kwa jasho na mvua. Imevutika. Tepi iliyovutika huona watu wote wafupi, hiyo ni hesabu. Tena kuna ushahidi zaidi. Baada ya kufufua kompyuta nilikuta wanafunzi kumi na tisa wa darasa la kwanza hawamo kabisa, na vijana kumi na saba waliokwisha kumaliza shule wamo. Nilikuja kukwambia mara hiyo hiyo kwamba uzee umeanza kumsumbua. Wale waliomaliza nikawafuta, na wale kumi na tisa nikaenda kuwapima mwenyewe, kwa tepi mpya. Sare za hao zimewakaa kama ngozi! Uliza mtu yeyote.

4. Meza ya pasi. Tangu siku ile ya ufufuo inatikisika kama ina homa, na kila mtu ananiangalia mimi. Mama Pasi ameniuliza mara tatu, "We kijana, kile kilichokuwa chini ya mguu wa meza kimeenda wapi?" Sioni hili linahusiana vipi na mambo ya kompyuta.

5. Kushushwa cheo. Siku ya Alhamisi, kwa kuwa ulikuwa na hasira na mimi nilikuwa karibu, uliniondoa kwenye kompyuta, ukaniweka kwenye vifungo. Mimi! Nimeshashona vifungo mia mbili na sita, kumi na viwili katika hivyo nimevishona kwenye suruali yangu mwenyewe kwa bahati mbaya. Na uzembe wangu uko wapi? Fundi wa kompyuta alituagiza kila Ijumaa tuchomeke diski ya nje, tuchukue nakala mpya, tuweke alama ya vema kwenye daftari. Fungua daftari uone. Alama za vema hamsini na moja, zimejipanga, hakuna hata Ijumaa moja iliyorukwa. Hata wewe Ijumaa moja ulikuwa mgonjwa hukuja kazini. Daftari halikuugua.

6. Nimesahau la sita, lakini lilikuwa zito.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta ufumbuzi, naomba yafuatayo. Kwanza, kila darasa livue sare zake, liwape wa darasa la chini yake. Nimepiga hesabu: karibu kila mtoto atapata ya kumtosha, isipokuwa darasa la saba, ambao watabaki bila kitu, lakini hao wanakaribia kumaliza na wanaweza kuvumilia. Pili, mwalimu mkuu akikataa, basi azuie watoto kukua kuanzia Januari hadi sare ziishe kushonwa, na jambo hili liandikwe kwenye kanuni za shule. Tatu, yakishindikana hayo yote, watoto warudishwe walivyokuwa. Kompyuta ilirudi, kwa nini wao washindwe? Wana nini cha ziada? Nne, nirudishwe kwenye kiti changu, kile chenye mto.

Natumaini utalitazama ombi langu kwa jicho lile lile ulilonitazama nalo siku ya makofi, na si lile la Alhamisi.

Wasalimie wote humo ndani, ingawa nawaona. Msalimie Mama Pasi, na mwenye kola iliyoungua. Msalimie fundi wa kompyuta akipita, ila asikae sana. Msalimie paka wa kwenye skrini. Baba akipiga simu kutoka safarini, mwambie mwanawe anaendelea vizuri, yuko kitengo cha vifungo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Mfufuaji (kwa sasa Mshona Vifungo)

Tanbihi: Nilitaka kuishia hapo juu, lakini tepi ya Mzee Futi iko hapa mezani kwangu. Alhamisi ulipomwambia, "Mzee wangu, nenda nyumbani ukapumzishe macho," hakubisha. Alisema tu, "Yule mrefu nilimpima suruali ya inchi thelathini na tisa, nakumbuka," na hakuna aliyemsikiliza. Akaivua shingoni, akaikunja mara nne, akaiacha. Sijawahi kumwona bila tepi. Shingo yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani.

Asubuhi hii nimeilaza juu ya rula ya chuma, inchi kwa inchi, mpaka mwisho. Haijavutika hata kidogo.

Kilichokuwa chini ya mguu wa meza ya pasi ni diski ya nje. Niliisukumia pale mwaka jana, wiki moja baada ya fundi wa kompyuta kutufundisha, ili Mama Pasi aache kupiga kelele. Sikuichomoa tena mpaka siku kompyuta ilipozima. Alama zote hamsini na moja niliziweka kwa kalamu tu. Ndani ya diski kulikuwa na nakala moja, ya siku ile ya mafunzo, kwa hiyo vipimo nilivyofufua ni vya mwaka jana. Alivyopima Mzee Futi mwezi uliopita, vyote, vilipotea siku ile, na hakukosea hata kimoja. Tafadhali mwite arudi. Vifungo nitaendelea navyo.

Na hili pia. Kabla ya kurejesha, mashine iliandika tarehe ya nakala, kubwa, katikati ya skrini, ikauliza kama nina hakika. Nyote mlikuwa mmesimama nyuma yangu. Tarehe niliiona, Shangazi. Nikabonyeza Ndiyo.