Habari Kuu za Kupimwa kwa Noah ya Maige

Sogeeni, enyi watu wa Kahama na enyi mlio mbali, wekeni chini simu zenu na ubishi wenu wa bei ya dhahabu, mnipe masikio. Maana ninayo habari ya tendo ambalo babu zetu waliofukuza simba na kurejesha mifugo iliyoibwa hawakupata kulitenda, wala hawakuota kwamba uzao wao ungekuja kulitenda: kwenda kutazama Noah iliyotumika. Naam, Noah, gari la familia lenye milango ya kuteleza, lenye umri wa kutosha kupiga kura. Mimi Martina, Mama Rebeka, nilikuwepo kwa macho yangu. Sikuitwa kwa hekima wala kwa ujuzi wa injini. Niliitwa kwa kilo zangu, kwa kuwa shujaa wa habari hii alitamka kwamba gari la familia halipimwi likiwa tupu, na katika mtaa wetu wa Nyahanga hakuna jirani anayejaza kiti kwa uaminifu kama mimi.

Chanzo cha vita hivi kilikuwa magoti. Magoti ya Bibi Nyamizi, mama mzazi wa jirani yangu Mwalimu Mayala, yalikuwa yamegoma kupanda kitu chochote kilichozidi kizingiti cha mlango. Zamani alikuwa akienda Chato kwa basi kumwona mdogo wake Philomena, mpaka siku ile kondakta alipomshika kwapani na kumpakia kama gunia la mpunga, kitenge kikabaki nje na abiria wakacheka. Bibi alishuka palepale, akajifunga kitenge chake, akaapa kwamba hakuna mtu atakayemnyanyua tena mpaka siku ya kupelekwa kaburini, na hata siku hiyo atanung'unika. Tangu hapo hakwenda Chato. Sasa ikaja habari kwamba macho ya Philomena yanazimika. La kulia limekwisha, la kushoto linatambua mtu aliyesimama kwenye mwanga tu, nalo halina muda. Philomena alimwambia dada yake kwenye simu kwamba angependa kuuona uso wake kabla hajabakiwa na sauti peke yake.

Basi Mayala mvumilivu, mwalimu wa hesabu, akauza ng'ombe wa baba yake ili anunue gari ambalo mama yake atapanda mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumpeleka kwa bajaji kutazama magari kadhaa, na kila mara Bibi alinyanyua mguu, akaushusha, akaomba arudishwe nyumbani. Bajaji alipanda bila shida, lakini hakuna mwenye akili timamu anayekwenda Chato kwa bajaji.

Hapo ndipo alipoinuka Sostenes, mwana wa Bujiku, kaka wa Loveness mke wa Mayala, dalali wa dhahabu wa Bugarama, mwenye lenzi shingoni na sumaku mfukoni, mtu asiyeamini hata chai mpaka aikoroge mwenyewe. Hakuteuliwa na mtu. Alijiteua, akaja na pikipiki yake inayowaka kwa kusukumwa, akasimama katikati ya sebule ya Mayala akanena.

"Shemeji, dhahabu na gari ni kitu kimoja. Vyote vinang'aa juu, na mimi kazi yangu ni kujua cha chini. Nimeshikishwa shaba nikaikataa gizani kwa kuinusa. Nipelekeni mbele ya gari hilo, na kama lina siri, litazitapika zote kabla jua halijatua."

Loveness, ambaye amemjua kaka yake tangu utotoni, alikwenda jikoni. Sisi wengine tukatoka kwenda vitani, Bibi katika bajaji yake, na shujaa mbele akiwa amekunja mikono ya shati.

Uwanja ulikuwa wa Maige, bwana wa magari yasiyo na kwao, mwenye simu mbili na ulimi mmoja unaofanya kazi ya minne. Alimwamkia Bibi kwa Kisukuma, kwa heshima zote, "Mwangaluka, mayu," akampa kiti cha plastiki chini ya turubai, kisha akatuongoza hadi kwa mnyama mwenyewe. Noah ile ilikuwa ya rangi ya dhahabu iliyochoka, imeoshwa ikaoshwa tena, imepakwa mafuta kwenye matairi. Maige akaweka kiganja juu ya boneti kama mchungaji anayebariki.

"Wazee wangu, hili lilikuwa gari la sista. Lilikwenda misa likarudi, likalala chini ya paa. Halijui matope, halijui kelele, halijui dhambi."

Ndipo vita vikaanza. Sostenes alilizunguka gari lile kama jemadari anayetafuta upenyo katika ngome, akapiga teke kila tairi, na matairi hayakusema kitu. Aliweka sumaku kwenye bodi ikanata, akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba kunata nako ni kosa. Akachukua sarafu, akakwaruza ukingo wa mlango wa kuteleza ili ajue kama chini ya rangi wamesiliba, na magamba ya rangi ya dhahabu yakadondoka sakafuni mwa gari, mengine yakaingia chini ya ukingo wa zulia, huku Maige akifumba macho kwa uchungu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, nusura akirambe. Injini ilipowashwa iliitika mara moja na kunguruma vizuri, jambo lililomuudhi sana, kwa kuwa alikuwa ameandaa hotuba ya injini mbovu na sasa hakuwa na pa kuitolea.

Tukapanda sote kwenda kulijaribu barabarani, isipokuwa Bibi, aliyesema hana haja ya kujisumbua kwa gari ambalo wanaume bado wanalipiga mateke. Mimi niliwekwa nyuma kabisa, mahali pa hatari, kwa ajili ya taifa. Breki zilishika, gia ziliingia. Lakini tulipofika kwenye tuta la kwanza, tumbo la gari lilikwaruza lami kwa sauti iliyowageuza wapita njia, na shujaa akanyanyua mkono juu kwa furaha ya mtu aliyepata adui hatimaye.

Tuliporudi uwanjani alitangaza kwamba springi zimelala usingizi wa milele na shokapu zimezifuata, akauliza ni sista gani huyo mzito kiasi cha kulikalisha gari chini. Maige hakuchelewa. Alinitazama mimi, akasema kwa upole kwamba uzito nao una haki zake. Nilimwambia kwamba nimekaa kwenye gari lake kwa robo saa, si kwa miaka kumi, na kwamba hata hapo lilipo, likiwa tupu, limechuchumaa. Ilikuwa kweli. Sakafu ya Noah ile ilikuwa karibu na ardhi kuliko gari lolote uwanjani pale.

Shujaa, akitafuta ushahidi wa mwisho, akalifunua zulia la sakafu. Chini yake palikuwa na mchanga. Haukuwa udongo wa njiani, ulikuwa mchanga wa mawe yaliyosagika, wa kijivu, umejipanga katika kila mfereji wa bati. Na ndani yake kitu kikametameta.

Hapa, enyi wasikilizaji, mtu wa Dodoma angechukua ufagio. Mtu wa Tanga angesema, gari hili lilibeba mawe, tumedanganywa, twendeni. Lakini sisi ni watu wa ukanda huu, tumezaliwa juu ya dhahabu ya watu wengine, na hakuna mchanga tunaoupita bila kuuinamia. Sostenes aliivaa lenzi yake jichoni, akapiga magoti. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimvuta Mayala pembeni, akamnong'oneza kwamba gari hili ni zuri sana, springi si kitu, shokapu ni mapambo, alipe sasa hivi kabla mwenye gari hajazinduka. Mnong'ono wa Sostenes, kwa bahati mbaya, husikika hadi Isaka.

"Gari nauza," akasema Maige. "Mchanga siuzi."

Sostenes akauliza kwa sauti ya mahakamani: mtu akinunua ng'ombe mwenye mimba, ndama ni wa nani? Watu walikuwa wamekwisha kujaa, mafundi, waosha magari na mama wa chapati wa jirani, na wengi wakaguna kwamba hoja ina nguvu. Maige akaona anashindwa mbele ya watu wake. Akapiga kifua, akatoa hotuba iliyommaliza mwenyewe.

"Nisikilizeni. Mchanga huu umetoka kwenye duara, shimo la dhahabu la kaka yangu Ngusa. Gari hili limebeba viroba vyake vya mawe kutoka shimoni mpaka kwenye karasha la kusagia, masika na kiangazi, kiroba juu ya kiroba, hadi tukatoa viti. Kila punje iliyomo ni ya ukoo wetu, na anayebisha aseme, nimwite Ngusa aje na mashahidi."

Mayala, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akauliza kwa sauti ile ya mwalimu anayekagua daftari:

"Na sista?"

"Sista alikuwa akipewa lifti," akasema Maige.

Lakini nani alikuwa na muda wa sista? Maelewano yalifikiwa haraka kuliko ya mataifa: mchanga uoshwe, kitakachopatikana kigawanywe sawa. Mama wa chapati akatoa karai lake, waosha magari wakaleta maji. Zulia likatolewa, viti vikafunguliwa nati, mifereji ikachokonolewa kwa mswaki. Sijapata kuona gari likisafishwa namna ile, na wala halikuwa limeuzwa. Viti viliporudishwa mahali pake, jeshi lote lilihamia kwenye bomba, likalizunguka karai. Sostenes akalizungusha kwa madaha, maji yakimwagika kidogo kidogo, na watu wazima wakashusha pumzi kwa pamoja kila mchanga ulipopungua.

Mimi sikwenda. Miguu iliniuma, nikaegemea nguzo ya turubai. Kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeliona tendo kuu la siku ile.

Bibi Nyamizi aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki. Alitembea na fimbo yake hadi mlango wa Noah uliokuwa wazi, akasimama, akaitazama sakafu ile jinsi Mayala alivyosimulia kwamba alizitazama za magari mengine. Akanyanyua mguu wa kulia. Nilijua anaposhindwa ni hapo, nikataka kugeuza uso nisimwaibishe. Mguu ukatua ndani. Akashika mpini, akakaa hivyo kitambo, nusu yake duniani na nusu yake garini, midomo ikisogea bila sauti. Kisha goti likakubali. Alipanda, akageuka, akaketi kando ya dirisha, akatandaza kitenge chake mapajani. Akaniona namwangalia. Akaweka kidole mdomoni. Nikanyamaza, ingawa nilitaka kupiga vigelegele mpaka Shinyanga mjini wasikie, na machozi yalikuwa yamekwisha kunitoka.

Kwenye bomba, karai lilitoa hukumu. Palikuwa na kibanio cha nywele, pengine cha sista, na mbele yake punje chache ziking'aa. Sostenes alizitazama kwa lenzi muda mrefu mno. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo safari hii haikufika Isaka, kwamba ni rangi. Ni magamba ya rangi aliyoyakwaruza mwenyewe kwa sarafu.

Jeshi likatawanyika bila kuagana. Shujaa, akiwa na kidonda hicho, akarudi akimwongoza Mayala kwa mkono, akatoa hukumu yake mbele ya wote waliobaki.

"Shemeji, tuondoke. Hili si gari, ni punda aliyezeeka machimboni. Limekalia tumbo. Sakafu iko chini hata kuku anaingia bila kuruka. Mimi Sostenes sitaruhusu mama yetu apande kitu cha namna hii. Mama yuko wapi?"

"Niko huku," akasema Bibi kutoka ndani.

Mayala alikimbilia mlangoni. Alimtazama mama yake, akaitazama ardhi, akaitazama sakafu. Akauliza ni nani aliyempandisha.

"Nimepanda," akasema Bibi. "Muulize Mama Rebeka."

Nikathibitisha, nikiwa shahidi wa kwanza na wa pekee. Mayala akainamisha kichwa kwenye ukingo wa mlango, pale pale palipokwaruzwa, na tukamwacha kidogo. Sostenes ndiye hakujua kuacha. Alimweleza Bibi kwa heshima kwamba asiwe na wasiwasi, gari liko chini hivi kwa sababu ya viroba, wataweka springi mpya ndefu, nalo litasimama juu kama magari ya watu.

"Mkiinyanyua," akasema Bibi, "nashuka, na sipandi tena."

Ndivyo Noah ile ilivyonunuliwa. Maige alijaribu kurudi kwenye bei ya sista. Mayala alitaja tu neno viroba, naye akashusha bei. Shokapu zilibadilishwa. Springi hakuna fundi aliyeruhusiwa kuzigusa, na mimi nikiwa ndani huwa nashuka nikavuka matuta kwa miguu, kwa ajili ya amani.

Na iandikwe basi, kwa wino usiofutika, kwamba shaba haikumdanganya Sostenes wala sumaku haikumtupa mkono; hata leo huko Bugarama anasimulia jinsi alivyolichagua gari lile kwa urefu wa sakafu yake, na watu wanamnunulia soda. Iandikwe pia kwamba Jumamosi iliyofuata tulipita Geita asubuhi, tumekwaruza kila tuta la mkoa, tukaingia Chato jua likiwa juu. Bibi Nyamizi alishuka mwenyewe. Philomena alitolewa nje akasimama kwenye mwanga, akauleta uso wake karibu na wa dada yake hadi pua zikakaribia kugusana, akatazama kwa lile jicho lililobaki.

"Nyamizi," akasema, "umezeeka vibaya."

Bibi akaangua kicheko, akalia, akacheka tena, akatugeukia akatuambia, anaona, anaona.