Konokono wa Dkt. Dzifa

Jumatatu, 3 Juni
Nimewekeza pesa za watu katika kampuni nne. Zote marehemu. Leo nimeiona ya tano. Dzifa, tuliyekuwa naye maabara kabla sijaacha utafiti, anatengeneza dawa ya vidonda kwa ute wa konokono, hapa hapa Kumasi. Nimemwomba hisa. Kasema, kaka Ebo, maneno ninayo ya kutosha, shida yangu kiyoyozi cha chumba cha konokono. Bahati iliyoje. Kabla ya utafiti nilikuwa injinia.

Jumanne, 4 Juni
Kiyoyozi kimepona. Nimetoboa na ukuta kupitisha bomba. Zimebaki skrubu kiganja kizima. Dzifa kauliza za nini. Nikamwambia za akiba.

Jumatano, 5 Juni
Kiyoyozi kimepuliza mvuke hadi asubuhi. Konokono hupenda unyevu. Wameamka, wametoka kwa tundu langu la bomba. Dzifa kakaa sakafuni. Kazi yake ya miaka. Hata mimi roho iliniuma. Nikamtuliza kisayansi: konokono hafiki mbali. Na kweli, tuliwakuta jirani, kwa Maame Akyaa mama ntilie, ndani ya supu. Kasema alidhani Mungu kamkumbuka. Nilikula bakuli mbili, kwa uchunguzi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemleta Maame Serwaa, tajiri wa maduka ya dawa. Nikajitambulisha: injinia, mtafiti, mwekezaji. Katazama tundu ukutani, kauliza ni yupi kati ya hao watatu aliyeharibu kiyoyozi. Dzifa kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe konokono wa mbegu, wale wa kuzalisha wengine, wako salama, alikuwa kawaweka nyumbani kwake tangu aliposikia nakuja. Yeye na Maame Serwaa wakaingia ndani kuzungumza. Mlango ukafungwa. Nikabaki nje na skrubu zangu.

Jumapili, 9 Juni
Maame Serwaa katoa mtaji. Dzifa kanionyesha mkataba. Kifungu cha tisa: Bwana Ebo Quansah asiguse kifaa chochote cha kampuni, wala asisogelee jengo. Nimekisoma mara tatu. Dzifa mwenyewe hana kifungu chake peke yake. Mimi ninacho. Basi mimi ni mbia.
Jioni nimesimama ng'ambo ya barabara, nikasikiliza jenereta yetu. Inakohoa. Nimenunua bisibisi ndefu.