Dona, Chekeche na Njiwa wa Tottenham

Jumatatu, 2 Juni
Ini langu lina mafuta. Mimi! Pombe sijaonja tangu nioe. Nesi kasema nile nafaka isiyokobolewa; nyuzinyuzi zake zinalinda ini lisizidi kujaa mafuta. Binti yangu Dinah kaleta mfuko wa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, kilo kumi. Kipimo cha Agosti kikiwa kibaya, nahamia kwake Luton, na nyumba hii ya kupanga inarudi halmashauri. Nyumba hii! Mapazia alishona marehemu mama yake kwa mkono. Nimeahidi kula dona.

Jumatano, 4 Juni
Nimeshindwa. Dona ni chakula cha bweni. Miaka thelathini na moja mke wangu Eufrasia alinichekechea unga, akigonga chekeche kwa kiganja, ta-ta-ta. Nikiisikia sauti hiyo sebuleni, njaa ilikwisha nusu. Leo nimelitoa chekeche lake kabatini. Nikagonga. Sauti ile ile! Ugali mweupe. Pumba nimewamwagia njiwa kibarazani. Dinah ataona mfuko unapungua, atafurahi. Akili hiyo!

Ijumaa, 6 Juni
Njiwa kama arobaini. Miradie, yule Mkongo wa ghorofa ya chini, kapanda na shuka lililochafuliwa. Akauliza: Papa, hizi ndege umezialika harusi? Nikasema sizijui. Mmoja akatua begani kwangu.

Jumamosi, 7 Juni
Miradie kamsimulia Dinah yote, njiwa na pumba, kwenye ngazi, hata mlangoni hajafika. Dinah akasema njiwa wa Tottenham sasa wana maini mazuri kuliko baba yake. Nikacheka. Yeye akalia. Akasema amezika mzazi mmoja, hana nguvu ya kuzika wa pili. Nimeomba nafasi moja ya mwisho. Kakubali, ila kaondoka na chekeche. Tulikula dona pamoja. Si mbaya sana. Sikumwambia.

Jumapili, 8 Juni
Nyumba kimya. Nimejaribu kugonga sufuria, siyo sauti ile. Nikafungua sanduku la Eufrasia, nikatoa mtandio aliovaa siku ya harusi ya Dinah, ule mwepesi, rangi ya maziwa. Bado una harufu yake. Nikaufunga mdomoni mwa bakuli, nikamwaga unga, nikagonga pembeni taratibu. Unga ukashuka mweupe pe! Pumba nimezifukia kwenye chungu cha maua. Safari hii hakuna shahidi. Luton sihamii.