Walinzi Mia na Arobaini wa Duka la Mapazia

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumuuguza dada yake. Wiki nzima. Kaniachia duka letu la mapazia, lile la mtandaoni, na agizo moja: tovuti isizime. Ijumaa saa nne mnunuzi wa hoteli ataingia kuagiza mapazia ya vyumba themanini. Akikuta pamezima ataenda kwingine, na washonaji wetu wanne watakosa kazi. Tena ikizima, tovuti atakabidhiwa shemeji. Shemeji! Kaka yake mke wangu, fundi wa mitandao, mtu anayekula chungwa kwa uma. Nimemwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. Kasema hapo ndipo wasiwasi ulipomwanza.

Saa nane mchana tovuti ikazima. Dakika ishirini, kisha ikawaka. Tumevamiwa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja bila kuitwa. Kaeleza kwamba wako wahuni wanaotuma maelfu ya wageni bandia kwenye tovuti ya mtu. Wote wanapiga hodi kwa mpigo, mteja wa kweli anakosa pa kupita, na mwisho duka linaanguka. Dawa yake ni kuweka chujio mbele ya tovuti, linalohesabu nani kabisha hodi mara nyingi mno na kumfungia nje. Kazi ya nusu saa. Kaniuliza pia kama nimesoma barua pepe za kampuni inayotutunzia tovuti. Nikasema nitazisoma.

Nimemshukuru, nikamwambia tutaona. Akiweka chujio yeye, sifa zote zake. Ninalo wazo langu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukoo wetu una watu mia na arobaini kwenye kundi la simu, na kazi yao ni kutumiana picha za maua na salamu za asubuhi. Nimewaandikia kwamba duka limeingiliwa na maadui. Kila mmoja afungue tovuti kila dakika ahakikishe iko hai. Akiona imezima, afungue tena na tena mpaka iwake. Shangazi kajibu wa kwanza, kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hata mjomba, ambaye hajanisalimu tangu harusi yangu, kasema yupo.

Jumatano, 5 Machi

Imezima mara tatu. Adui kajua tumejipanga!

Nimeongeza ulinzi. Kila mtu alete wawili. Binamu yangu kinyozi hamnyoi mteja mpaka afungue tovuti. Shangazi kaingiza chama chake chote cha ufumaji. Mjomba, mstaafu, kafungua daftari la zamu na kila saa anatuma ripoti: zamu ya asubuhi imepita salama, ila tovuti imezima.

Nimetokwa na machozi kidogo. Sikujua kama tunapendana kiasi hiki.

Alhamisi, 6 Machi

Imezima tangu asubuhi. Mke wangu kapiga simu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema mshonaji wetu mkuu kamuuliza kama atafute kazi kwingine. Niliona haya. Nikameza kiburi, nikamwita shemeji.

Kafungua orodha ya wageni wa tovuti. Kaniuliza kama namjua mwanamke fulani mwenye akaunti dukani, aliyebisha mara elfu nne tangu juzi. Alikuwa shangazi, wa pili kwenye orodha. Wa tatu alikuwa kinyozi. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafungua barua pepe zangu. Jumatatu ile kampuni ilizima mitambo dakika ishirini kwa matengenezo, na walitoa taarifa wiki nzima kabla. Maadui hawakuwapo kabisa. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilitamani kumtupia kiatu.

Kaweka chujio. Nusu saa kweli. Tovuti ikasimama imara. Kanionyesha namna ya kuliendesha, kwa dharura tu, na kunisihi nisiguse.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi

Tovuti ni nzima, inakimbia vizuri. Lakini ukoo umechafuka. Shangazi kafungiwa nje na chujio, kama mwizi, na anauliza ni kosa gani kalitenda. Mjomba kasema sasa hanisalimu tena mpaka kaburini. Watu waliokesha kwa ajili yangu!

Siwezi. Nimeingia kwenye chujio nikawaruhusu wote, mmoja mmoja, wapite bila kuhesabiwa. Na ili kuwafuta machozi, nimewaalika saa nne kamili waingie pamoja washuhudie agizo la hoteli likifika.

Ijumaa, mchana

Walikuja wote. Saa nne kamili. Na majirani.

Jumamosi, 8 Machi

Agizo limepona. Mnunuzi wa hoteli alipokuta pamezima alimpigia mke wangu, naye akaandika vipimo vya vyumba themanini kwa kalamu, kwenye mgongo wa kalenda, kando ya kitanda cha mgonjwa. Washonaji wameanza kukata vitambaa. Nimefurahi sana, nasema kweli.

Tovuti kapewa shemeji. Kabadilisha nywila zote. Mke wangu kasema hakuna haja ya kujadili, na sikujadili.

Ila nimekaa nikafikiri. Shemeji ni mmoja. Anakula, analala, anamenya machungwa. Nani anamwangalizia tovuti wakati huo? Mambo ya nyumbani hayaachwi mikononi mwa chujio. Nimewaandikia ukoo, kwa siri, shemeji asijue: kila mmoja achungulie mara mbili tu kwa dakika, tena kwa simu ya kuazima, chujio lisimtambue.

Shangazi kauliza waanze lini. Nimemjibu kwamba mimi nimeshaanza.