Mkeka wa Gofu Niliompelekea Baba Mkwe

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. (Suruali ilibaki mwilini. Heshima ndiyo iliyotoka.)

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya sofa ya mteja. Bora mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla halijawafikia kutoka Kendu Bay. Kule wataongeza chumvi, na kisa hiki tayari kimekolea.

Wengi mnanijua. Mimi ni Odhis, mzaliwa wa Uriri, fundi wa sofa hapa Migori mjini. Mpenzi wangu ni Atieno, kwao Kendu Bay. Tunapendana, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwa baba yake. Kila nikituma mtu aulize siku ya ayie, ile siku mama wa msichana anapelekewa chake naye anakubali mbele ya watu kwamba binti amepata mwenyewe, Mzee hujibu neno moja tu: "Tutaona." Tumeona masika. Tumeona kiangazi. Siku yenyewe hatujaiona, na Atieno ameanza kuniuliza kama mimi ni mwanamume wa kungoja tu.

Sasa huyu Mzee alistaafu kazi Nairobi akarudi nyumbani na mfuko wa fimbo za gofu. Karibu na kwake hakuna uwanja wa gofu. Kuna mbuzi. Basi akafunga neti kuukuu ya kuvulia samaki katikati ya miti miwili, na kila asubuhi anasimama pale kupiga mpira kwenye neti. Majirani walicheka, wakazoea. Shida ni ardhi. Kiangazi hiki imekauka kama sakafu ya saruji, kwa hiyo kila fimbo ikigonga chini, mkono unapata mshtuko mpaka kwenye kiwiko. Kifundo cha mkono kikavimba. Daktari akamwambia aache gofu. Mzee akaacha daktari.

"Odhis," Atieno akaniambia kwa simu, "Baba akiumwa na huo mkono hasemi na mtu nyumba nzima. Si wewe ni fundi? Mtengenezee kitu laini ya kupigia hiyo mpira."

Hapo akili yangu ikawaka. (Ingekuwa heri kama ingebaki imezima.)

Nikatafuta video kwenye simu. Kumbe kuna mikeka ya gofu inayobonyea! Fimbo ikigonga, mkeka unakubali, mkono hauumii. Wenzetu wa kwenye video wana raba maalum, gundi maalum, na gereji kubwa kuliko nyumba yangu. Mimi nina tyubu za pikipiki. Lakini nani Migori nzima anajua mambo ya kubonyea kumshinda fundi wa sofa? Kubonyea ndiyo kazi yangu!

Nikaunda fremu ya mbao nyepesi. Nikakata tyubu vipande virefu, nikavisuka juu ya fremu kwenda na kurudi, kama tunavyosuka chini ya kiti cha sofa, nikavikaza mpaka vikalia kama gitaa. Sponji nikaiweka pembeni tu. Katikati nikaacha raba tupu, ibonyee vizuri. Nikakaa juu yake kujaribu. Ikanirudisha nikiwa nimesimama. (Dalili ya kwanza. Nikaipuuza.)

Ilibaki nyasi ya juu. Nyasi bandia, nene, ya kijani. Nikazunguka madukani, nikakosa. Ndipo nikamkumbuka Tobi wa Tenti, jirani yangu anayekodisha tenti, viti, spika na vifaa vya mazishi. Mnalijua lile zulia la kijani wanalotandika kando ya kaburi ili viatu vya askofu visiingie udongo? Tobi alikuwa nalo moja lililochanika kona, limetupwa nje, halitumiki tena.

"Tobi, lakini hii si ni ya..."

"Wacha ushamba, Odhis! Hii ni plastiki. Plastiki inajua nani amekufa?"

Nikaona ana hoja. Nikalibeba, nikaliosha kwa sabuni ya unga, nikalianika. Kulipindua, nikakuta maandishi upande wa chini, herufi kubwa, rangi nyeupe ya mafuta: KICHWA HUKU. Na mshale. Vijana wa Tobi waliandika ili wasibishane kaburini mbele ya wafiwa.

Nikasugua kwa petroli. Herufi zikang'aa zaidi.

Jameni, mimi ni Mluo kamili. Najua kitu cha mazishi hakiingii bomani kwa watu ambao hawajafiwa. Najua tangu nikiwa mtoto. Lakini mapenzi yakikutangulia, akili inakuja nyuma kwa miguu. Nikajiambia, maandishi yako chini. Nani hugeuza mkeka? Wewe umewahi kwenda kwa mtu ukageuza sofa yake? Nikashona ile kona iliyochanika, nikagongelea zulia kwenye fremu, kazi ikaisha. (Tuliweke akiba hilo swali la kugeuza.)

Leo asubuhi nikavaa shati jeupe, nikafunga mkeka juu ya keria ya matatu, nikaenda. Nilifika Kendu Bay nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, lakini mkeka ulikuwa mzima.

Bomani nilikuta watu. Mama mkwe alikuwa barazani na akina mama wenzake wa kanisa. Kando yao, kwenye kiti cha peke yake, aliketi Waya, yaani shangazi, dada mkubwa wa Mzee, yule ambaye hata Mzee mwenyewe anamwogopa. Nikasalimia nikiwa mbali, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Atieno alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akanikonyeza. Harufu ya kuku ilikuwa imejaa uwanja. Nikasema moyoni, leo ni leo.

"Orwa," Waya akaniita. Kwetu ndivyo mkwe anavyoitwa. "Umebeba nini hiyo? Mlango?"

"Hapana, Waya. Ni mkeka ya Baba, ya kupigia gofu."

Mzee akaja. Akauzunguka mkeka. Akaubonyeza kwa kidole, ukabonyea, ukarudi. Akaubonyeza tena. Nawaapia, mzee yule akatabasamu! Tangu nimjue sijawahi kuona meno yake.

"Na hii nyasi imeshikana vizuri sana," akasema. "Ni ya wapi?"

"Ya... ya Migori, Baba." (Hapo sikudanganya.)

Mama mkwe akainama kidogo kutoka barazani. "Imefanana na kitu mimi nimeona mahali."

"Hata mimi," Waya akasema. "Nimeona hii kitu karibu kabisa. Nilikuwa nimekaa mbele."

Haraka nikatoa vigingi vya kufungia mkeka chini, ili mazungumzo yahame. Nikapiga kigingi, kikapinda. Ile ardhi iliyomuumiza Mzee mkono ikakataa na vigingi vyangu. "Wacha tu, itakaa," Mzee akasema, hana subira, tayari ameshika fimbo.

Akapiga mpira polepole. Ukaenda kwenye neti. Akatikisa mkono.

"Haiumi," akasema.

Akapiga tena, kwa nguvu kidogo. "Wewe! Haiumi kabisa!"

Akina mama wakapiga makofi. Mimi nilikuwa tayari nimeshafika mbali. Nilimwona Atieno kwangu, nikamwona Mzee akinitambulisha kwa watu, nikaona watoto. Furaha ilinijaa hata nikasahau kilichoandikwa chini ya mkeka.

Kisha Mzee akafanya kosa ambalo wanaume wote tunalifanya. Alimwita mkewe aangalie.

"Mama Atieno! Angalia sasa!"

Akarudisha fimbo nyuma mpaka karibu ianguke. Akapiga kwa nguvu zote za mtu aliyestaafu. Fimbo ikatua nyuma ya mpira, ikapenya ile kona niliyoshona, ikanasa kwenye tyubu. Raba ikavutika. Ikavutika. Ikaachia.

Mkeka ukaruka! Ukapinduka hewani, ukawapita kuku, ukatua mbele ya baraza chali, miguuni pa mama mkwe. Mpira wenyewe ulidondoka palepale alipokuwa Mzee.

Mama mkwe alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, na mwalimu wa darasa la kwanza haoni herufi akaziacha. Akavaa miwani. Katikati ya raba zangu, maandishi yalionekana vizuri, meupe.

"Kichwa," akasoma. "Huku."

Akafuata mshale kwa macho. Sote tukaufuata. Mshale ulikuwa umemwelekea Waya.

Waya akatazama nyuma yake. Hakuna mtu. Akasogeza kiti kando taratibu, akautazama mshale tena, ndipo kumbukumbu ikamrudia ni wapi alikuwa amekaa mbele.

"Uwiii! Yawa! Ni ya kaburi! Imekuja kunichukua!"

Sasa, ndugu zangu, mnajua nduru ikipigwa katika boma la Mluo nini hufuata. Watu hawapigi simu kuuliza. Wanakuja! Majirani wakaanza kumiminika langoni, wengine tayari wanamlilia Mzee, "Jaduong' yawa! Jaduong' ametuacha!" Mmoja alikuja na kiti chake kabisa, maana anajua siku kama hizo viti havitoshi. Mzee wa watu amesimama katikati ya uwanja, fimbo mkononi, anatazama anavyoliliwa.

"Nani amewaambia nimekufa?" akauliza.

Wakamwona. Wakaona zulia. Wakaniona mimi, mgeni wa shati jeupe.

"Odhiambo," Mzee akaniita. Akitumia jina zima, ujue mambo yameharibika. "Hii kitu umetoa wapi?"

"Kwa mtu ya tenti, Baba. Lakini niliosha."

"Uliosha."

"Na sabuni, Baba."

"Na hii maandishi, ulikuwa umeona?"

Ningeweza kudanganya. Nilimtazama Atieno mlangoni pa jikoni. Alikuwa amefunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikajua ninamliza, na hilo liliniuma kuliko aibu yote. Niliogopa kwamba ndiyo basi, nimempoteza kwa sababu ya kipande cha plastiki.

"Niliona, Baba. Nilidhani hakuna mtu hugeuza mkeka. Nisameheni. Nilitaka tu mkono yako ipone."

Mzee akautazama mkono wake. Akakizungusha kifundo upande huu, akakizungusha upande ule. Akakunja ngumi, akaikunjua.

"Mama Atieno," akasema polepole. "Nimepiga hiyo chini vibaya namna hiyo, na mkono hauumi."

Kisha akacheka! Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Kule jikoni Atieno akatoa leso usoni, kumbe muda wote alikuwa anacheka yeye. Akina mama wakafuata. Yule wa kiti akakaa juu ya kiti chake akacheka. Waya peke yake ndiye hakucheka.

"Hiyo nyasi itoke hii boma kabla jua iingie," akaamuru. "Na itabebwa na mwenye aliileta."

"Nyasi iende," Mzee akasema. "Raba ibaki. Raba ni yangu."

Nikang'oa misumari nikiwa natazamwa na kijiji kizima. Mama mkwe akatoa kipande cha zulia la mlangoni kiwekwe juu ya raba kwa sasa. Waliokuja kulia wakaambiwa wasirudi na njaa, wakabaki, kwa hiyo yule kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu nikamwona kwa mbali. Nilipata shingo. Nikala nikashukuru.

Mzee mwenyewe ndiye aliyenisindikiza hadi langoni. "Utaleta nyasi ingine lini?"

"Nikipata mpya, Baba. Ya dukani."

"Basi leta hiyo siku mnakuja kwa ayie. Jumapili ya mwisho, mwezi ujao. Ambia wazee wenu."

Nikasimama. Sikusikia "tutaona." Nilisikiliza vizuri, halikuwepo. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka nimebeba zulia la kaburi.

Safari ya kurudi sitaki kuielezea sana. Nilikuwa na zulia lile begani, vumbi usoni na macho mekundu. Kila stendi watu walinipisha njia. "Pole sana, ndugu." Nikaitikia, "Asante." Ningeanzia wapi kueleza? Huku moyoni naimba.

Nimesahau jambo moja. Nilipokuwa natoka langoni, mama mkwe, ambaye siku zote amekuwa akiongea nami kupitia kwa wengine, aliniita kwa sauti yake mwenyewe kutoka barazani, majirani wote wakisikia:

"Orwa! Karibu tena! Lakini kuanzia leo, kila kitu unaleta hapa tutageuza kwanza tuone chini. Hata ng'ombe ya mahari!"

Kwa hivyo msicheke. Nisaidieni tu. Mwenye ng'ombe wa kuuza anitafute, ila awe ng'ombe aliyezoea kugeuzwa.