Bima, Omena na Geti la Mzee Wechuli

Jumatatu, Agosti 4

Likizo imeanza vibaya. Barua ya bima ya gari imefika. Elfu arobaini na tano! Mwaka jana ilikuwa thelathini na mbili. Baba aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Akasema ikizidi thelathini na tano, gari linauzwa kwa Mzee Wechuli, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye amelitamani siku nyingi. Na Nyanya Zeituni je? Kliniki ya magoti kila Jumanne ataendaje? Kwa bodaboda! Nyanya akasema atafika tu, inshallah. Lakini alikuwa akisugua magoti yote mawili.

Tumepoteza punguzo la wasiopata ajali. Ajali ni mimi. Husoma nikiwa nimelala kwenye viti vya mbele vya gari, mahali pekee penye utulivu kwetu. Mwezi wa Machi breki ya mkono ilikuwa inanichoma mbavu, nikaishusha. Nikazama kitabuni. Gari likateremka taratibu mpaka kwenye geti la Wechuli. Baba anaamini breki ililegea yenyewe. Nuha, mdogo wangu, haamini. Hunitazama tu na kutabasamu.

Nimechukua mkataba wa bima. Kurasa ishirini na mbili. Nitaliokoa gari.

Jumanne, Agosti 5

Nimepata! Ukurasa wa sita: malipo hutegemea thamani ya gari. Thamani ikishuka, malipo yanashuka. Mkaguzi wa bima anakuja Ijumaa, na gari letu linang'aa kupita kiasi. Nimelipaka matope kwa brashi, polepole, kama ninayechora ramani.

Jumatano, Agosti 6

Baba aliona matope. Akalipeleka ziwani kuoshwa. Vijana wa pale ufukweni wamelisugua mpaka tumboni. Limerudi kama gari la bwana harusi! Nuha akaniuliza mbona nina uso wa mtu aliyefiwa.

Alhamisi, Agosti 7

Harufu haisuguliki! Kwa nini sikuwaza hivyo mapema? Nimekwenda soko la Kibuye kwa Mama Apiyo, muuza samaki, na kumwomba omena, dagaa wa ziwani, iliyo kuukuu kuliko zote alizonazo. Akasema, nyathina, mwanangu, hii hata kuku wataikataa, unaipeleka wapi? Nikasema ni ya mradi. Akanijazia mfuko, akaniombea nifaulu mtihani.

Nimeimwaga kwenye buti nzima ya gari na kufunga madirisha.

Ijumaa, Agosti 8

Mkaguzi ni Bwana Ajwang, mrefu, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua tatu. Furaha yangu! Akaandika. Akafungua buti, akaandika zaidi. Kisha akamuuliza Baba biashara ya samaki inaendeleaje. Baba akasema yeye ni fundi cherehani, hajawahi kuuza hata dagaa mmoja. Bwana Ajwang akacheka. Akasema, Mzee wangu, mimi nimezaliwa ufukweni, pua hii huidanganyi.

Sikupenda kicheko kile.

Jumamosi, Agosti 9

Thamani imeshuka, kama nilivyopanga. Lakini gari limetolewa kwenye kundi la magari ya nyumbani na kuwekwa kwenye ya biashara. Elfu sitini na moja! Nimetafuta. Ukurasa wa kumi na tisa. Sikuwa nimefika huko!

Wechuli amekuja na futi ya kupimia, kuona kama gari litaenea uani kwake. Akaziba pua. Akapunguza bei papo hapo. Nyanya aliingia chumbani.

Hapo nikashindwa. Nimemwambia Baba habari ya omena. Ya breki hapana. Jambo moja kwa siku. Baba akaenda kufungua buti. Nyanya, kule chumbani, alicheka mpaka akakohoa.

Jumatatu, Agosti 11

Baba amempigia simu Celestine, ajenti wa bima, akamweleza ukweli. Dakika nne tu zilitosha! Celestine amesema gari litakaguliwa upya leo saa kumi. Tukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya gharama siku ya ajali, malipo yatakuwa thelathini na nne. Mradi tu hakuna ajali nyingine, akaonya. Nyanya tayari ameandaa buibui la kliniki ya kesho.

Gari limeoshwa mara mbili. Baba amenituma nikae ndani, ninuse kama harufu imeisha. Imeisha. Kwa kuwa mkataba ninao, nimeendelea kusoma. Ukurasa wa kumi na nne: punguzo kwa gari lenye ulinzi! Wechuli ana mbwa. Nikimwazima na kumfunga kwenye bampa kabla ya saa kumi, huenda tukafika hata thelathini. Baba asijue kwanza.

Upepo wa ziwa unaingia dirishani. Nimelala raha mustarehe, leo hakuna kinachonichoma mbavu. Naona vizuri kutoka hapa. Naona hata misumari ya geti jipya la Wechuli.

Ajabu. Nilipoanza ukurasa huu sikuwa nikiiona.